Ruzuku ndogo za jamii: bajeti imerudishwa mara mbili, na orodha ya mahudhurio inatutia hofu

Mweka Hazina Mpya

Wakuu, heshima kwenu.

Shirika letu ni dogo, limesajiliwa, lina wafanyakazi wawili na wachache wa kujitolea. Walengwa ni wanawake waliokimbia vipigo nyumbani na wasichana walioacha shule, tunaotaka kuwafundisha ushonaji. Tunaomba ruzuku kwenye mfuko wa jamii, kiwango cha juu 5,000, muda miezi sita. Andiko letu la maombi limerudishwa mara mbili na maoni haya:

1. "Bajeti haioneshi hesabu imetoka wapi."
2. "Matokeo hayapimiki."
3. "Sera ya ulinzi haihusiani na shughuli zenu." (Yaani sera ya kuwakinga walengwa na unyanyasaji.)

Halafu kuna sharti la kuambatanisha orodha ya mahudhurio yenye jina kamili, namba ya simu na sahihi ya kila mnufaika. Kwa wasichana wa ushonaji sina shida sana. Kwa wanawake wanaojificha, hapo nakwama. Tufanyeje bila kupoteza fedha?

---

Leja Kavu

Nianze na bajeti, maana huko ndiko maandiko mengi mazuri hufia.

Nadhani umeandika kitu kama "Mafunzo ya ushonaji: 2,000". Msomaji wa mfuko hana njia ya kujua kama hiyo ni nyingi au kidogo. Kila mstari uwe na idadi, mara ngapi, na bei ya kimoja. Namba hizi ni za mfano tu, weka zenu:

Mwalimu: 1 × vipindi 24 × 20 = 480
Nauli: wasichana 15 × vipindi 24 × 2 = 720
Mlezi wa watoto wakati wa kipindi: 1 × 24 × 8 = 192
Vitambaa na uzi: wasichana 15 × 16 = 240
Kukodi vyerehani: 5 × miezi 3 × 20 = 300

Jumla 1,932. Iache hivyo hivyo, usiizungushe iwe 2,000 kwa kuongeza "mengineyo 68". Mstari wa "mengineyo" ndio wa kwanza kufyekwa, na ukishafyekwa msomaji anaanza kuitilia shaka mingine.

Tazama sasa hesabu hiyo inakuambia nini. Wasichana 15 kwa vyerehani 5 ni watatu kwa cherehani kimoja. Kipindi kikiwa cha saa tatu, kila mmoja anakanyaga saa moja. Vipindi 24 ni saa 24. Saa 24 hazimtoi mtu fundi. Zinamtoa anayeweza kushona mshono ulionyooka, kukata sketi rahisi na kubadili zipu. Ukiahidi "wasichana 15 watajiajiri kama mafundi", msomaji makini anapiga hesabu hiyo hiyo na kukutupa nje. Ama punguza wasichana wawe 10, ama punguza ahadi. Mimi ningepunguza ahadi.

Mstari wa mlezi wa watoto usiuone aibu. Wengi huuondoa ili bajeti ionekane nyembamba, kisha wiki ya tatu nusu ya wasichana hawaji kwa sababu hawana pa kuacha mtoto, na mwalimu unamlipa vile vile. Nauli nayo hivyo hivyo: itolewe kipindi kwa kipindi, si mkupuo mwanzoni.

Gharama za ofisi: gawa kwa kigezo unachoweza kukitetea. Kama mratibu anautumikia mradi huu siku mbili kati ya tano, mradi unabeba asilimia 40 ya mshahara wake, na karatasi ya saa za kazi ioneshe siku hizo. Wafadhili wengine wana kiwango chao. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, zilipandisha kiwango cha jumla cha gharama zisizo za moja kwa moja (za kuendesha ofisi) kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, kwa mashirika yasiyo na kiwango yalichokubaliana na serikali hiyo. Mifuko midogo hujipangia yenyewe, na mingine hailipi kodi ya ofisi hata senti. Uliza kwa barua kabla ya kuandika.

---

Kalamu ya Mradi

Mkuu Leja kamaliza bajeti. Mimi naongeza la pili, la matokeo, kwa ufupi.

"Wasichana 15 watapata mafunzo" ni kazi mliyofanya. Matokeo ni kilichobadilika kwao. Chagua viashiria (vipimo vya mabadiliko hayo) viwili au vitatu tu vya mradi wa miezi sita, na kila kimoja kiwe na hali ya mwanzo. Mfano: "Mwanzoni 0 kati ya 15 wanaweza kukata na kushona sketi bila msaada, mwisho angalau 11, kwa jaribio la mwalimu asiyewafundisha." Mbona 11 na si 15? Kwa sababu wapo watakaohama, watakaougua au watakaopata kibarua katikati. Anayeahidi asilimia 100 anaonekana hajawahi kuendesha mafunzo.

Kosa la kuhesabu linaloumbua watu: mwanamke mmoja akihudhuria vipindi 12 vya ushauri, ni mtu mmoja na mahudhurio 12. Ukiandika "wanawake 240 walihudumiwa" wakati ni wanawake 20 mara 12, mkaguzi akifungua daftari utaitwa mwongo hata kama hukukusudia.

Na fafanua "vijana". Umoja wa Mataifa kwa takwimu zake hutumia miaka 15 hadi 24; Mkataba wa Vijana wa Afrika unasema 15 hadi 35. Andika umri mnaoutumia nyinyi. Tena msichana wa miaka 16 ni kijana kwa mfuko lakini ni mtoto kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, maana yuko chini ya 18. Kwa hiyo suala la ridhaa ya mzazi au mlezi linaingia, na sera yenu ya ulinzi lazima imtaje.

---

Mlinzi wa Faili

Hapo kwenye sera, kaka au dada, naomba nisikike vizuri: msomaji anaijua sera iliyonakiliwa kabla hajafika ukurasa wa pili. Unakuta shirika la watu wanne lina "Idara ya Maadili" na "Kamati ya Rufaa ya Kanda". Kurasa mbili zenu wenyewe zinatosha, mradi zijibu haya: nani anapokea malalamiko kwa jina la cheo, mlalamikaji aende wapi kama anayelalamikiwa ndiye huyo mpokeaji, taarifa inapelekwa ndani ya saa ngapi (24 ni kawaida) na kwa nani, mtu mzima haachwi peke yake na mtoto chumba kilichofungwa, wa kujitolea anahakikiwa kwa wadhamini wawili ambao mmewapigia simu kweli.

Yaandikwe wazi pia makatazo ya waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003: hakuna ngono na aliye chini ya miaka 18 hata kama sheria ya mahali inaruhusu umri mdogo zaidi, na kusema "sikujua umri wake" si utetezi, hakuna kubadilishana msaada, ajira au fedha kwa ngono. Kisha iunganishe na shughuli. Nani anagawa nauli? Huyo ana mamlaka juu ya wasichana, basi wagawaji wawe wawili na malipo yafanyike mahali pa wazi. Sentensi hiyo moja inaonesha mmefikiri kuliko kurasa kumi za kunakili.

Sasa orodha ya mahudhurio. Hofu yako ina msingi. Karatasi moja inayozunguka chumbani, kila mwanamke anaandika jina na simu chini ya jina la mwenzake: wa mwisho anaondoka anawajua wote. Karatasi ikisahauliwa mezani, au ikipigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu la wafanyakazi, jina na simu ya mwanamke aliyekimbia vimeshatoka.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kila mwanamke anapewa msimbo siku ya kuandikishwa, tuseme W-07. Daftari la mahudhurio lina msimbo, tarehe, huduma na alama yake, basi. Daftari la pili, moja tu, linaunganisha msimbo na jina. Linakaa kwenye kabati la kufuli, jengo tofauti na lile la kwanza ikiwezekana, na wenye ufunguo ni wawili. Mfuko unapata nakala ya daftari la kwanza. Mkaguzi akitaka kuthibitisha kuwa W-07 ni mtu kweli, anakuja ofisini, analiona daftari la pili mbele ya msimamizi, anaweka sahihi kwamba ameliona, na haondoki na nakala wala picha.

Hili mliombe KABLA ya kusaini mkataba, na likubaliwe kwa maandishi. Ukisaini sharti la majina kisha ukaleta misimbo wakati wa ripoti, kwa mfuko hizo ni gharama zisizo na ushahidi, na watadai fedha zirudi.

---

Mweka Hazina Mpya

Asanteni sana. Mlinzi, na kama nauli tunawatumia kwa simu? Ujumbe wa malipo si unabaki kama ushahidi?

---

Mlinzi wa Faili

Unabaki, na hiyo ndiyo shida. Ujumbe unaingia kwenye simu ambayo mume au kaka anaishika, na mtumaji anaonekana kwa jina la shirika la kusaidia waliopigwa. Kama mnaweza kusajili namba ya malipo kwa jina lisilotaja huduma, fanyeni hivyo. Kama haiwezekani, mpeni mkononi na achore msimbo wake kwenye vocha (hati ya malipo), mbele ya mashuhuda wawili. Na muulize kwanza yeye mwenyewe: wapo ambao simu ni yao peke yao na wanapendelea njia hiyo.

Mambo mawili yanayosahaulika. Kwanza picha: kuficha uso hakutoshi kama kitenge, kovu au mlango wa nyuma unajulikana, na picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani ya faili. Piga mikono ikifanya kazi, zima huduma ya mahali. Pili takwimu ndogo: ukiandika kwenye ripoti "mwanamke kiziwi, miaka 34, watoto wanne", umemtaja jina bila kulitaja. Kundi likiwa chini ya watu watano, liunganishe na lingine.

---

Leja Kavu

Naongeza upande wa stakabadhi, kwa kuwa sasa mnaelekea kupata fedha.

Risiti za karatasi ya joto hufifia. Itoe nakala siku ile ile, ibane pamoja na halisi kwenye vocha. Juu ya risiti halisi gonga muhuri wenye jina la mradi, ili isije ikaonekana tena kwenye ripoti ya mfadhili mwingine. Kulipisha risiti moja kwa wafadhili wawili ni jambo linalovunja mashirika, hata lilipotokana na uzembe tu wa kupanga mafaili.

Nukuu tatu za bei, yaani bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu kabla ya kununua: mkaguzi hutazama mwandiko, tarehe na namba za simu. Nukuu tatu kutoka "maduka" matatu zenye kosa moja la tahajia zinamwambia kila kitu. Kama eneo lina muuzaji mmoja tu, andika hivyo kwenye dokezo fupi na wasaini wawili. Dokezo la kweli linapita. Nukuu za kutengeneza hazipiti.

---

Nauli Kwanza

Natofautiana kidogo na Leja kuhusu ofisi. Kwa ruzuku ya 5,000 asilimia 40 ya mshahara wa mratibu inaweza kumeza mradi wote, na kamati ya mfuko wa jamii, ambayo mara nyingi ni watu wa kujitolea, huiona kama mradi wa kulipana. Piga hesabu ya jumla kwanza. Ikizidi robo ya ruzuku, mpunguzie mratibu siku au tafuta chanzo kingine cha mshahara wake.

---

Leja Kavu

Sawa kwa kamati za namna hiyo. Ila usiifiche gharama. Iandike kwenye safu ya "mchango wa shirika" na kiasi chake, waone mradi unagharimu nini kweli. Mashirika mengi hufa yakiwa na miradi mitatu ya ruzuku na hakuna anayelipa taa.

Na kabla hujasaini, soma kifungu cha awamu za malipo. Mgawanyo wa asilimia 50, 40 na 10 ni wa kawaida, na ile 10 huja baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Kwenye 5,000 hiyo ni 500 ambayo nyinyi mtaitanguliza kutoka mfukoni. Hakikisha gharama za mwezi wa sita ni zile zinazoweza kusubiri, kama malipo ya mtahini wa nje au kuchapisha ripoti, na si nauli ya wasichana. Soma pia mnaruhusiwa kuhamisha kiasi gani kati ya mstari na mstari bila kuomba kibali. Mikataba mingi huweka asilimia 10, mingine haikubali hata kidogo. Vitambaa vikipanda bei mwezi wa pili, barua ya kuomba kuhamisha itangulie manunuzi. Ikifuata nyuma, hiyo ni gharama yenu.

---

Mweka Hazina Mpya

Nimeelewa. Kesho natuma barua mbili kwa mfuko: ya gharama za ofisi na ya misimbo. Bajeti naiandika upya kwa wasichana 15, sketi na zipu.