DT175 au TS185: nichukue ipi?

Mtoto wa Bwana Shamba: Wakuu, heshima zenu. Nimepata pikipiki mbili za zamani za Kijapani, Yamaha DT175 na Suzuki TS185. Zote tu-stroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli), bei zinakaribiana. Muuzaji anataka jibu Jumamosi. Nichukue ipi?

Kiki Moja: Mbona hujaeleza kitu, mkuu? Za mwaka gani? Hiyo DT ina shokapu mbili nyuma au monoshoki, yaani moja? Kadi zipo? Zinawaka? Na unakaa wapi?

Spana Kumi: DT, funga macho. Cc 171, pistoni ya milimita 66, inapanda na kushuka 50 tu. Inapenda kuzungushwa kwa kasi.

Moshi Mweupe: Ushabiki huo. TS ni cc 183, pistoni 64, mwendo 57. Inavuta kuanzia chini, na mlimani ndicho unachotaka.

Boxer Tu: Nunua Boxer, spea kila duka.

Spana Kumi: Kaulizwa chai, wewe unaleta uji.

Mtoto wa Bwana Shamba: Samahani wakuu. Niko Lushoto. DT ni monoshoki, inawaka, kadi ipo. TS imelala muda mrefu bandani. Marehemu baba alikuwa na DT ya kazini.

Mzee Petroli: Mwanangu, kwanza kagua pampu ya oili. Mimi niliuziwa DT125, aliyeniuzia kaing'oa pampu, tundu kaliziba kwa kibati. Hakusema. Mimi najaza tangi la oili ubavuni, kila nikichungulia limejaa, nafurahi kweli haili oili! Siku hiyo natoka Mombo napanda Soni na petroli tupu. Ikaanza kulia kama kokoto kwenye sufuria, mara tairi la nyuma likafunga, nikaburuzika hadi mtaroni. Kufungua silinda, pistoni imegandia ukutani kama ukoko wa ugali. Kumbe ilikuwa ya kuchanganyia oili kwenye petroli.

Kiki Moja: Pole mzee. Na hiyo iliyolala bandani, sili za krenki, mipira inayozuia hewa isiingie injini, zitakuwa zimekauka. Ikivuta hewa pale, petroli inapungua, injini inachemka, mwisho ni huohuo.

Moshi Mweupe: Sili zinabadilishwa. TS nayo ina pampu yake ya oili, Suzuki wanaiita CCI.

Spana Kumi: Kama ipo bado! Na huko Lushoto hewa nyepesi, jeti ya kabureta (kitundu kinachopima petroli) iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli, plagi iloe kila asubuhi.

Boxer Tu: Ndiyo maana nikasema Boxer.

Mzee Petroli: Wewe kijana hujawahi kunusa oili ya tu-stroki asubuhi ya baridi.

Moshi Mweupe: Tukiongelea utamu, hakuna kama RX100 ya Yamaha. Cc 98 ile!

Spana Kumi: AX100 ya Suzuki nayo cc 98, na ilibeba magunia.

Moshi Mweupe: Ilibeba, haikukimbia.

Mtoto wa Bwana Shamba: Wakuu, Jumamosi ni kesho kutwa...

Kiki Moja: Hiyo utakayoiacha, anauza bei gani? Njoo inboksi.