"Sneak peek" ya kabati lisilo na milango: tuseme nini?

Seremala, Kibuye, Kisumu: Wiki jana niliweka picha ya kabati WhatsApp. Halijapigwa msasa wala vanishi, milango imeegemezwa ukutani. Juu yake nikaandika "sneak peek", Kiingereza cha kuwaonyesha watu kitu kidogo kabla hakijatolewa rasmi. Mwenye kabati akapiga simu: "Kijana wangu, ndilo langu hilo? Mbona liko wazi hivyo?" Nikamweleza kazi bado. Akaniuliza, "Sasa si ungesema tu?" Nilikosa jibu. Mimi nasema maneno hayo tuyaache. Tuna "kionjo". Tena nusu yetu tunaandika "peak", kilele, kama vile kabati limepanda Mlima Elgon.

Mshonaji, Nakuru: Fundi, acha hizo. Kiingereza kinauza. Nikiweka gauni lenye pini nikaandika "kionjo", wateja wataniuliza kama nimefungua hoteli.

Mwalimu, Kakamega: Sikubaliani na yeyote kati yenu. Hoja ya kwamba Kiswahili hakiuzi siitaki kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini fundi naye ameteleza. Kionjo ni kipande cha kitu kilicho tayari: wimbo umesharekodiwa, unatoa sekunde chache watu waonje. Kitu kisichokamilika kina majina yake. Maandishi huitwa rasimu. Bungeni ni mswada, na hakuna anayeudhania sheria. Huwezi kuonja kisichoiva.

Mama Samaki, Dunga: Mwalimu, nani alikwambia? Mchuzi huonjwa ukiwa motoni. Ukingoja uive ndipo uonje chumvi, umeshachelewa.

Mwalimu, Kakamega: Hapo umenishika, mama. Ila anayeonja ni mpishi. Mgeni humwonjeshi mchuzi mbichi.

Mshonaji, Nakuru: Basi tuseme "chungulia", ndiyo maana yenyewe ya hicho Kiingereza.

Mama Samaki, Dunga: Kuchungulia ni kwa mtu asiyealikwa. Na mchungulia bahari si msafiri. Mimi nataka watu walipe.

Seremala, Kibuye, Kisumu: Mmenigeuza kidogo. Yule mama hakuwa na shida na Kiingereza, ni mstaafu, anakijua kunizidi. Alitaka kujua kumebaki nini. "Sneak peek" haikumwambia, na "kionjo" kisingemwambia pia. Leo nimeweka picha nyingine, nikaandika: "Bado milango na vanishi. Jumamosi litakuwa tayari."

Mshonaji, Nakuru: Hiyo ni ndefu mno.

Mama Samaki, Dunga: Urefu si neno. Fundi, Jumamosi gani?