Mnaajiri wakimbiaji, halafu majeruhi mnataka atolewe na nani?

Wakuu, hivi mpaka lini waombaji wa zimamoto, uokoaji na majeshi watapimwa kwa kukimbizwa barabarani na kupigishwa pushapu? Kijana wa kilo 55, bukta na raba, anaongoza mbio na anapita. Kazini anavishwa koti, helmeti, buti na mtungi wa hewa, anakabidhiwa mpira uliojaa maji, na kwenye ngazi ya pili pumzi imekata.

Pumzi inatakiwa, sikatai. Ila mbio bila mzigo na pushapu vinambeba mtu mwepesi, na mzigo wa kazi haujali una kilo ngapi.

Tazameni CPAT, mtihani unaotumiwa na vikosi vingi vya zimamoto Marekani na Kanada. Unaanza na ngazi ya mashine: dakika 3, hatua 60 kwa dakika, umevaa fulana ya kilo 22.7 na mabegani umeongezewa kilo 11.3. Jumla kilo 34. Kwa mtu wa kilo 55 hiyo ni asilimia 62 ya mwili wake. Kwa wa kilo 80 ni kama 42. Za mabegani zinavuliwa, fulana inabaki, na kuna vituo 7 mbele, kikiwemo kuburuta sanamu ya kilo 75 kwa mita 21. Vyote ndani ya dakika 10 na sekunde 20, na kati ya kituo na kituo unatembea, marufuku kukimbia.

Hata jeshi la nchi kavu la Marekani, lililong'ang'ania pushapu, mazoezi ya tumbo na maili 2 tangu 1980, liliachana rasmi na mtindo huo 2022. Maili 2 zimebaki, na pushapu za mtindo mwingine, ila sasa kuna kunyanyua chuma kizito na kuburuta mzigo wa kilo 40.

Msiniletee wimbo wa bajeti. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji ni kilo 40 na ushee. Sanamu ni mchanga mkavu kilo 75, gunia ndani ya gunia, kisha ovaroli kuukuu lenye mikanda ya kushika mabegani. Lipimwe kwenye mizani kila asubuhi, maana mchanga ukinyeshewa uzito unapanda na wa mwisho kwenye foleni anaonewa. Na wote waburute juu ya sakafu ileile! Wa asubuhi kwenye nyasi zenye umande na wa mchana kwenye lami hawajafanya mtihani mmoja.

Halafu kuna hili la kushtukiza watu. Wenye CPAT wanatakiwa kuwafungulia waombaji vifaa kuanzia wiki 8 kabla, wavizoee, na ndani ya siku 30 za mwisho wapewe majaribio mawili ya mtihani mzima yanayopimwa muda. Huku tangazo linatoka Jumatatu, Alhamisi uko uwanjani.