Jarida la uuguzi limekalia mswada wangu miezi saba, leo wanaurudisha kwa maneno 13 ya ziada!

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za afya, huu una machungu yake.

Mimi ni muuguzi. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii, kwa hiyo sentensi ikipinda mnivumilie. Nikiwa kwenye daladala nikafungua simu, nikakuta barua pepe niliyoisubiri tangu Machi. Jarida moja la uuguzi la huko nje (jina silitaji, sitaki kesi na watu wenye mawakili) limejibu kuhusu pepa yangu ya utafiti. Imekataliwa. Haijafika hata kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoisoma na kuipima. Miezi saba imekaa mezani kwa mhariri na ikafia hapo hapo.

Sasa sikilizeni sababu.

Ya kwanza, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) ina maneno 263 na ukomo ni 250. Mimi nilihesabu mara tatu nikapata 250 kamili. Kumbe wenzetu wanahesabu mpaka vichwa vidogo, "Utangulizi", "Mbinu", "Matokeo", pamoja na yale maneno ya msingi yanayokaa chini ya ikisiri. Sawa, nimekosea, nakubali. Lakini maneno 13 unayaona baada ya miezi saba? Kompyuta inahesabu yenyewe! Ungeniambia siku ile ile, ningekata nikiwa nakunywa chai ya saa nne.

Ya pili ndiyo iliyonipandisha presha. Wanasema mswada hauonyeshi namba ya kibali cha maadili, kile cha kuruhusiwa kufanya utafiti kwa watu. Jamani. Jarida lile wahakiki hawatakiwi kumjua mwandishi, na maelekezo yao yanasema wazi: kwenye faili kuu ondoa kila kitu kinachoweza kukutambulisha, jina lako, chuo, hospitali, kamati iliyokupa kibali, hata shukrani. Vyote viende kwenye ukurasa wa jina, ambao ni faili la peke yake. Nikafanya hivyo hivyo. Namba ya kibali iko kwenye ukurasa wa jina, hata kipofu ataipapasa. Yaani nimeambiwa nivue viatu mlangoni, nimeingia pekupeku, nafukuzwa kwa sababu sina viatu.

Ya tatu, nainukuu kwa tafsiri yangu: utafiti huu "hauna mvuto wa kutosha kwa wasomaji wa kimataifa".

Utafiti wenyewe ulihusu namna wauguzi wanavyopima maumivu kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Nilikuwa nakwenda kwa mama saa 6 baada ya upasuaji, saa 12, na saa 24, namwuliza maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi, kisha nafungua faili lake kuona kama kuna muuguzi aliyeandika chochote. Nyingine nilikusanya usiku wa manane baada ya kumaliza kazi zangu za wodi, bila posho. Na kwenye jarida hilo hilo nimesoma tafiti za maumivu kutoka wodi moja ya hospitali moja huko Ulaya, kichwa cha habari hakitaji hata nchi. Wodi yao ni dunia. Wodi yetu ni "muktadha wa mahali". Mama wa Sumbawanga akichanwa tumbo anaumia kienyeji?

Basi tuseme jarida lina haki ya kuchagua linachotaka, na kweli linayo. Ninachogombana nacho ni muda. Wakati unawasilisha, mfumo hauendelei mpaka uweke tiki kwenye kisanduku kinachosema mswada huu haujapelekwa kwingine na hautapelekwa hadi sisi tuamue. Ukipeleka sehemu mbili ni kosa la maadili. Wahariri wana ile kamati yao ya maadili ya uchapishaji, COPE, iliyoanzia Uingereza 1997, na imewachorea hatua kwa hatua cha kufanya wakimkamata mwandishi aliyechapisha jambo moja mara mbili: muulize, asipojibu mwandikie mwajiri wake. Vizuri, wezi wapo. Lakini kwenye maelekezo ya lile jarida nimesoma kurasa zote, hakuna mstari hata mmoja unaosema mhariri atajibu ndani ya siku ngapi. Mimi nimefungwa, yeye yuko huru. Ni kama posa: binti asiongee na mwanaume mwingine, ila mposaji aende atakako, arudi atakapo, na akirudi aseme binti ni mfupi.

Na takwimu za utafiti zinachacha, wakuu. Nilizikusanya nikiwa masomoni, nikachambua, nikatetea tasnifu, nikasahihisha, nikaandika pepa. Kila mwezi unaopita ni swali la mhariri anayefuata: mbona data zako ni za zamani?

Niliandika kuulizia mara tatu. Mwezi wa tatu tangu nitume nilijibiwa na mashine. Wa tano nikajibiwa na mashine ile ile, maneno yale yale, hadi koma. Wa sita kimya.

Wengine hamjui kazi iliyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kwa hiyo niwape picha. Tasnifu yangu ina kurasa tisini na ushee. Jarida linataka maneno 4,000, jedwali zisizidi tano, marejeleo 40. Chuoni nilifundishwa kuandika tasnifu, hakuna aliyenifundisha kuikausha. Nilidhani ni kukatakata tu, kumbe unaanza upya. Sura ya pili yote, ile ya mapitio ya maandiko niliyoililia miezi minne, inakuwa aya mbili.

Halafu kuna STROBE, orodha ya mambo ambayo pepa inatakiwa iyaeleze. Ilitoka 2007, ina vipengele 22, ni kwa tafiti za uchunguzi kama huu wangu. Kila kipengele unaandika ukurasa kilipo ndani ya mswada wako. Mimi siichukii STROBE, na niseme ukweli, ilinionyesha kwamba nilisahau kueleza wale akina mama waliokataa kushiriki. Kitu cha maana kabisa. Kichaa ni kwamba ukiongeza sentensi moja ukurasa wa nne, namba zote za kurasa zinahama, unarudi mwanzo. Mwenye utafiti wa mahojiano anakutana na orodha yake, COREQ, hiyo ina vipengele 32.

Kisha marejeleo. Nilikuwa nimeyaandika kwa mtindo wa APA, wa jina na mwaka, jarida linataka wa Vancouver, ule wa namba. Nilifanya kwa mkono kwa sababu sikujua kuna programu za bure za kupanga marejeleo. Usicheke, hakuna aliyeniambia. Usiku mbili zimekwenda hapo.

Mfumo wenyewe wa kutuma nao una vituko. Unataka barua pepe za waandishi wote, unataka namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, unataka upendekeze wahakiki watatu mnaofahamiana kwa kazi zao lakini msiwe mmewahi kufanya kazi pamoja. Mimi muuguzi wa wodi ya wazazi nawatoa wapi? Nikapekua marejeleo yangu nikachukua majina ya watu wa Ghana, Ethiopia na Uturuki, Mungu awabariki popote walipo. Umeme ukakatika nikiwa hatua ya sita kati ya saba. Uliporudi, mfumo ulikuwa umenitoa nje.

Na waandishi wenza! Hapa nitaumiza mtu. Pepa ina majina sita. Walioifungua ni wanne. Mmoja aliniambia kabisa, "Mwanangu, wewe andika, jina langu usisahau". Yule mkubwa wa idara alijibu barua pepe moja tu katika mwaka mzima, nayo ilisema yuko kwenye semina Dodoma. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ile ambayo mizizi yake ni kikao cha Vancouver cha 1978, ina vigezo vinne vya kuitwa mwandishi, na unatakiwa uwe navyo vyote vinne: umechangia kwa kweli kwenye wazo, takwimu au uchambuzi, umeandika au umehakiki kwa kina, umeidhinisha nakala ya mwisho, uko tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. Anayekusaidia ruhusa ya kuingia wodini anastahili shukrani, tena shukrani nzito, lakini siyo jina. Mnajua hivyo na mimi najua. Sasa nani atamwambia bosi anayesaini likizo yake? Nikaweka tiki kwamba wote sita wametimiza vigezo. Hiyo dhambi naibeba mwenyewe, sitamsukumia mhariri.

Pesa nisiseme sana. Majarida ya kusomwa bure na kila mtu yanamtoza mwandishi, na kwa wachapishaji wakubwa ada nyingi zinapita dola 2,000, yaani shilingi milioni kadhaa za hapa. Kuna msamaha kwa nchi maskini, na yapo majarida yanayofuata orodha ya Benki ya Dunia ya kipato cha nchi. Mnakumbuka Julai 2020 tulipotangaziwa uchumi wa kati? Tulishangilia. Muuguzi mwenzangu wa Burundi akipeleka pepa kwenye jarida la namna hiyo anasamehewa yote, mimi mwana wa uchumi wa kati napewa punguzo, inayobaki nijitegemee. Ndiyo maana nilichagua jarida la mtindo wa zamani, ambapo mwandishi halipi na msomaji ndiye anayelipa. Maana yake pepa yangu ingetoka, wauguzi wenzangu wa wodini wasingeweza kuifungua. Chagua sumu.

Huku mlangoni wanakungoja matapeli wenye majarida ya kuchapisha chochote ukilipa. Tangu jina langu lionekane kwenye tovuti ya chuo, kila wiki napata barua: "Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako adhimu". Profesa! Nina stashahada, shahada na uzamili, na ndoo ya kusafishia vidonda. Rafiki yangu mmoja alichoka kusubiri kama mimi, akawalipa, pepa ikatoka siku ya nne, imepangwa jirani na utafiti wa ufugaji wa samaki. Kazini kwake haikutambuliwa. Zamani kulikuwa na orodha ya majarida ya namna hiyo, ya Jeffrey Beall, yule mkutubi wa Colorado, ikaondolewa mtandaoni Januari 2017. Siku hizi angalau kagua kama jarida limo DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, ingawa lile la kulipiwa na wasomaji hulikuti humo hata kama ni safi.

NYONGEZA (saa 9 alasiri, nimeamka): Nimesoma majibu yenu. Nijibu machache.

Mkuu uliyesema "ungeuondoa tu mswada upeleke kwingine", uko sahihi, inaruhusiwa. Unaandika barua ya kuuondoa na unasubiri wakuthibitishie kwa maandishi ndipo upeleke kwingine. Sasa mtu asiyejibu barua ya kuulizia atajibu barua ya kuaga? Hata hivyo ningejaribu mwezi wa nne wa kusubiri. Niliogopa, nikadhani nikiwakera wataninyima. Ushamba wangu.

Dada uliyeuliza kuhusu kipimo cha kunakili: ndiyo, yalinikuta. Mfumo ulisema pepa inafanana sana na andiko lingine mtandaoni. Andiko lenyewe ni tasnifu yangu, chuo kiliiweka kwenye maktaba yake ya mtandao. Kwenye barua ya kwa mhariri andika mapema kwamba pepa imetokana na tasnifu yako na uweke kiungo.

Anayesema niiandikishe akili bandia: kusahihisha Kiingereza sawa, mradi useme umetumia, wahariri wa tiba waliliweka wazi hilo 2023 na wakasema mashine haiwi mwandishi. Kuiachia itunge marejeleo, hapana. Nimeona mtu kaletewa marejeleo ya pepa ambazo hazijawahi kuwepo.

Wenye cheti cha kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisomeni tena kabla ya kutuma, kuna sharti la kuomba ruhusa ya kuchapisha matokeo.

Na wewe uliyeniambia "wauguzi kazi yenu ni kuchoma sindano, utafiti waachieni madaktari", Florence Nightingale alikuwa anachora takwimu za vifo vya askari wa vita vya Crimea kabla babu yako hajazaliwa. Pita huko.

NYONGEZA YA PILI (usiku): Nimekata ikisiri hadi maneno 238, vichwa vidogo vikiwemo. Namba ya kibali nimeiweka kwenye ukurasa wa jina, na kwenye faili kuu nimeandika "namba ya kibali ipo, imefichwa kwa ajili ya uhakiki". Kesho baada ya zamu natuma kwingine. Aliyewahi kutuma kwenye jarida la uuguzi au ukunga likamjibu ndani ya wiki nne, hata kama lilimkataa, aliweke hapa na aseme ilikuwa mwaka gani. Wale mnaokuja faragha na "tukuandikie kwa laki tatu", nimeshawaripoti wawili.