Kazi za likizo zinatumwa Wasap, mtoto asiye na simu janja afanyeje?

MamaTanga: Habari za humu wakuu. Nina binti wa dada angu yuko kidato cha pili shule ya kata huku Handeni, wamefunga shule na kazi zote zinatumwa grupu la wazazi la Wasap, PDF na video juu. Bibi anayeishi naye ana kitochi tu. Mi niko Dar, nikituma hela ya bando anaazima simu kwa jirani, jirani akienda shamba ndo basi tena. Na mtihani wa taifa mwisho wa mwaka ni uleule wanaofanya wenye laptop. Nimnunulie simu?

Mwl_Kusini: Pole dada. Simu usiikimbilie, ya bei rahisi inajaa haraka na bando bado utanunua wewe. Omba namba YAKO iingizwe kwenye hilo grupu, kaprinti PDF steshenari, tuma na basi. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinasomeka bure maktaba mtandao ila bando ndo hivyo. Halafu bibi aende kwa mwalimu wa taaluma, walimu tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika sensa ya 2022, watoto wanaweza kuja shule wakanakili maswali. Kwangu naandika ubaoni kabla hawajafunga, sioni kwa nini mtoto akose kazi kisa nyumbani hakuna simu.

fundi_sola: Mnunulie tu, dunia ndo inaenda huko

MamaTanga: @fundi_sola umeme kwa bibi hakuna, ataichaji wapi? Na simu ikiingia nyumba ile wa kwanza kuishika ni wajomba, binti anatumwa maji.

Wa_Lodwar: Sisi Kenya tuliyaona 2020. Shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, darasa la nne, la nane na fomu foo wakarudi Oktoba, wengine wote hadi Januari 2021. Watoto wa private Nairobi walikuwa Zoom, huku Turkana kuna mahali hata kupiga simu unatafuta network kwanza. Masomo ya redio yalisaidia kiasi lakini mtoto akikwama redio haimrudii. Ile huduma ya masomo ya Shupavu 291 ndio ilikuwa afadhali, maswali yalikuwa yanakuja kwa SMS hata kwa mulika mwizi, hicho mnachoita kitochi.

MamaTanga: Asanteni sana, kesho naomba kuingizwa grupu. Sasa mwalimu, zile video za hesabu nifanyeje?

Mwl_Kusini: Tazama mwenyewe, andika hatua moja moja kwenye karatasi utume na zile PDF, halafu mpigie kwenye kitochi cha bibi jioni mpitie pamoja. Dakika zinakuja bei nafuu kuliko bando la video.