MREJESHO: Kutafuta tafiti za anemia kwa wajawazito na kuondoa rejea zinazojirudia

Habari zenu wakuu. Niliuliza namna ya kupata kwenye PubMed (hifadhidata ya makala za afya mtandaoni) tafiti za upungufu wa damu kwa wajawazito wa Dodoma na Singida, na namna ya kuondoa rejea zinazojirudia. Asanteni sana mliojibu.

Ushauri uliosaidia zaidi ni kutotegemea MeSH (maneno rasmi ya mada ambayo makala huwekewa kwenye PubMed) peke yake. Makala mpya huweza kuchelewa kuwekewa maneno hayo, na nyingine haziwekewi kabisa. Mstari wa kwanza sasa ni huu:

"Anemia"[Mesh] OR anemia[tiab] OR anaemia[tiab]

[tiab] hutafuta neno kwenye kichwa na muhtasari wa makala. Tahajia zote mbili ziwepo. Mstari wa pili ni wa ujauzito, wa tatu una Tanzania, Dodoma na Singida kwa [tiab], halafu mistari yote mitatu inaunganishwa kwa AND. Mkuu aliyekataza [ad], yaani kutafuta kwenye anwani ya taasisi ya mwandishi, alikuwa sahihi kabisa: inabeba kila makala ya mwandishi anayefanya kazi Dodoma, hata kama utafiti ulifanyika kwingine.

Faili la .nbib (rejea zilizopakuliwa kutoka PubMed) limeingia Zotero, programu ya kutunza rejea, bila shida.

Kuondoa nakala kumefanikiwa nusu. Zotero inaunganisha rekodi za aina moja tu, hivyo makala ya awali isiyopitiwa na wataalamu na ile iliyochapishwa jaridani zinabaki mbili. Hizo zipange kwa kichwa, uzikague kwa macho. Zilizofanana ziunganishe badala ya kufuta moja, maana ukifuta unaweza kupoteza PDF na maelezo uliyoandika.

Hinari (mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida ya afya), kupitia mkutubi wa chuo, imefungua majarida mengi ila si yote. Kwa yaliyobaki nawaandikia waandishi wenyewe.