Naomba ushauri: vipimo vya shafti vinapishana kati ya zamu

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa ukaguzi wa ubora kiwandani.

Karakana yetu inakereza shafti za pampu, kipenyo milimita 25, tofauti inayoruhusiwa ni 0.05 juu au chini. Mpango wa ukaguzi unataka tupime shafti 5 kila saa kwa vernia (kipimio cha taya) inayosoma hadi milimita 0.02 na kujaza chati. Jana shafti ileile moja zamu ya mchana iliandika 25.04, ya usiku ikaandika 25.08 na kusimamisha mashine. Kwa maikromita (kipimio cha skrubu, chenye usahihi zaidi) nilipata 25.05, yaani mpakani kabisa!

Nimesafisha taya za vernia, nimehakiki sifuri, na tunasubiri shafti ipoe. Bado tunapishana. Nahisi kila fundi anabana kwa nguvu zake.

Kujaribu upimaji wa mafundi wenyewe, nitumie shafti ngapi na kila mmoja arudie mara ngapi? Na je, nihamie maikromita ya 0.01 au geji ya pita-isipite (inayoonyesha tu kama shafti iko ndani ya mipaka au la, bila namba)? Geji ni ya haraka, ila haitanionyesha kisu cha mashine kinavyolika taratibu, na chati naitegemea kwa hilo.

Natanguliza shukrani.